Mgeni wa Meza ya Ijumaa

Alhamisi jioni mama alikuwa ameinamia aproni ya bluu, anapitisha uzi mara ya pili kwenye mfuko wa kifuani. Binti yake alikuwa ameanza kazi Jumatatu kwenye karakana ya vioo, na mfuko tayari ulikuwa umetoboka, kwa sababu humo ndimo kila fundi anamoweka almasi yake ya kukatia kioo, na ncha ya almasi haina urafiki na kitambaa. Mama alikuwa fundi wa nguo, tena wa nyumbani. Alikuwa na cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu, dirisha moja, na kochi moja la wateja kusubiria. Binti alikuwa amejinyoosha kwenye kochi hilo na kikombe cha chai tumboni.

"Kesho wamenialika," alisema.

"Nani kakualika?"

"Wenzangu. Ijumaa saa saba huwa wanavuka barabara kwenda kunywa kidogo, halafu wanarudi kazini. Wanasema mgeni lazima aende."

Mama alikata uzi kwa meno. Yeye hofu yake alikuwa haitoi nje ikiwa hofu. Aliigeuza mafunzo kwanza.

"Sikiliza basi. Usifike wa kwanza ukaonekana una kiu, wala usifike wa mwisho ukaonekana una maringo. Usikae mpaka uonyeshwe kiti. Usiagize kabla ya wakubwa. Agiza soda, tena uiagize kama mtu aliyeitamani tangu asubuhi, usianze kujieleza eti sijui tumbo, sijui dawa. Glasi yako usiiache mezani ukaenda msalani. Wakikutania cheka, lakini usicheke kuliko wao."

"Mama, naenda kunywa soda, siendi kuolewa."

"Kuolewa ni afadhali, angalau huko watu huulizana ukoo kwanza. Na wakikupa kitu cha kukukaribisha, usikatae mbele za watu. Onja kidogo, weka chini, sema asante."

Hilo la mwisho alilisema akiwa anatafuta sindano iliyodondoka, wala hakulipima. Baadaye alikuja kulipima mara nyingi.

Ijumaa saa kumi na moja na nusu binti alirudi nyumbani akitembea kwa kushika ukuta. Alimsalimia mama shikamoo mara tatu. Kisha akakaa sakafuni akamfokea paka, akalia, akaimba nusu ya wimbo ambao hakuna aliyewahi kumfundisha, akalala na viatu. Mama alipiga magoti akamnusa mdomoni. Alikuwa amewahi kuwa na mume wa kunusa mdomoni, kwa hiyo alijua anachokitafuta. Mdomo ule ulinukia soda ya machungwa, basi.

Asubuhi alimwekea uji, akakaa mbele yake.

"Umekunywa nini?"

"Soda moja, mama. Haki ya Mungu."

"Nimekusikia. Sasa niambie vizuri."

Binti alimwambia vizuri. Mezani walikuwa watano. Alikuwapo msimamizi, na karani, mwanamke mwenye miwani ya kamba. Alikuwapo dereva wa gari la kupeleka vioo, na mzee mmoja fundi wanayemwita Rula, kwa sababu hapimi kwa rula, anapima kwa jicho. Wa tano ni kijana anayeitwa Nane. Walimwonyesha kiti, wakamwacha aagize soda yake, wala hawakumcheka. Soda ilipofika, kila mmoja alidondosha humo tone moja kutoka kwenye glasi yake, kuanzia kwa msimamizi mpaka kwa Nane. Wakasema, "Karibu mezani." Akaonja kidogo, akaweka chini, akasema asante. Kuanzia hapo wao walikunywa na yeye akalewa.

"Ndivyo ilivyo pale," binti alisema. "Aliyekuja mwisho ndiye anayelewa. Wao wanakunywa tu."

"Wote watano?"

"Wote. Hasira ni ya msimamizi. Kulia ni kwa karani. Ule wimbo ni wa dereva. Mzee Rula ni usingizi."

"Na huyo Nane?"

Binti alifikiri. "Nane ni baridi. Vidole vinakufa ganzi."

Mama alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Mpaka lini?"

"Mpaka aajiriwe mwingine."

"Kwa nini anaitwa Nane?"

"Alikuwa mgeni kabla yangu," binti alisema. "Zamani alikuwa na kumi."

Tangu siku hiyo mama hakuwa na amani. Jumatatu mpaka Alhamisi alishona kama kawaida. Ijumaa, ikigonga saa saba, mguu wake ulikuwa unasahau kukanyaga. Alikuwa anauona mchana ule wote akiwa amekaa pale pale kwenye cherehani: binti yake akivuka barabara kurudi kazini saa nane na nusu, katikati ya watu watano waliojaa bia na wanatembea wamenyooka kama mistari, yeye wa soda akipepesuka, kisha anavaa aproni, anatoa almasi mfukoni, anainamia kioo kikubwa kuliko mlango.

Ijumaa ya pili kioo kilivunjika. Ijumaa ya tatu kilivunjika na kumchana binti kiganja, chini ya kidole gumba, nyuzi nne. Mama alimkuta zahanati. Muuguzi alikuwa anamalizia kufunga bendeji.

"Karakana ya vioo?" muuguzi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo."

"Nilijua. Leo si Ijumaa?" Alivuta droo kurudisha mkasi, na ndani yake mama aliona nyuzi za kushonea zimepangwa tayari, zimekatwa urefu unaolingana. "Huwa naziandaa asubuhi," muuguzi alisema. "Yule kijana wa mwaka jana nilimwambia vidole viletwe kwenye barafu. Wakavileta kwenye gazeti."

Nyumbani mama alisema, "Jumatatu hurudi kule."

"Narudi."

"Kwa mkono upi?"

"Mama, nimekaa nyumbani miaka miwili nakukunjia nguo za wateja. Barua nilizoandika unazijua, wewe ndiye uliyekuwa unazipeleka posta. Hapa wamenichukua. Na nakata vizuri, mzee Rula mwenyewe kasema. Jumatatu hadi Alhamisi sijavunja hata kimoja."

"Basi usiende mezani."

"Nisipoenda ndiyo silewi? Wao wakinywa tu, mimi nalewa hata nikiwa chooni. Nimeshaonja, mama."

Mama aliokota uzi uliodondoka sakafuni. Lile neno kuonja ni yeye aliyempa.

Wiki ile kulikuwa na aproni tano mezani kwake. Wenzake binti walikuwa wameona jinsi mfuko wake ulivyoshonwa, haupitishi ncha tena, wakamtuma na zao. Mama alizishona zote, mfuko kwa mfuko, uzi mara mbili, na wakati anashona alikuwa anamjua kila mwenye aproni kwa ulevi wake. Hii ya kola iliyotafunwa ni ya hasira. Hii yenye leso ni ya kilio. Alipofika ya Nane aliona upande wa kulia hauna uchafu wa vidole viwili vya mwisho. Aliishona kama zingine.

Ijumaa ya nne alivaa gauni lake la kwenda kusalimia wagonjwa, akafunga mlango, akaenda.

Baa ilikuwa chumba cha kawaida chenye viti vya plastiki na feni moja. Meza yao ilikuwa karibu na mlango, ili waone karakana ng'ambo ya barabara. Binti alikuwa amekaa pembeni na soda yake, bendeji mkononi, na tayari kichwa kilikuwa kinamwinama upande. Wengine walikuwa wanazungumza habari za bei ya mbao, macho makavu kabisa.

"Shikamoo mzee," mama alimwambia Rula.

"Marahaba, mama."

"Hamjambo wengine."

"Hatujambo, karibu mama mzazi," alisema msimamizi, akasimama, maana alikuwa mtu wa heshima. "Letee mama soda hapa! Mama, binti yako ni hodari sana. Siku nne kwa wiki hana mfano."

"Nimesikia. Nimekuja kukaribishwa mezani."

Walitazamana. Dereva alicheka kidogo, kisha akaona hakuna aliyemuunga mkono, akaacha.

"Mama, rudi nyumbani," binti alisema, ulimi mzito.

"Nyamaza, watu wazima wanaongea."

Karani alisukuma miwani yake juu. "Si kwa ubaya mama, lakini meza hii ni ya watu wa karakana. Hatuwezi kukaribisha kila mzazi. Kesho atakuja na shangazi."

"Huo mfuko wako wa kifuani," mama alisema, "umeshonwa na nani?"

Karani aliuangalia mfuko. Wote waliangalia mifuko yao.

"Hapo kakukamata," dereva alisema.

"Fundi wa nje ni fundi," alisema mzee Rula taratibu. "Tena haijasemwa popote kwamba lazima awe kaajiriwa. Imesemwa aliyekuja mwisho."

Msimamizi alijikuna kidevu. Alikuwa mtu anayependa mambo yawe sawasawa. "Ni kweli. Lakini mama, unaelewa unachokiomba? Sisi hatumlazimishi mtu."

"Naelewa. Ila kwanza nataka kuuliza moja. Kwa nini kila mtu asilewe cha kwake?"

Msimamizi alimwangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu asiyejua kazi.

"Mama," alisema, "hii ni kazi ya vioo. Ni hatari. Mtu hawezi kuifanya amelewa."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Walikuwa wanasema kweli, na usoni walionekana watu wema. Mama alimgeukia Nane, aliyekuwa ameishika glasi kwa mkono wa kushoto.

"Wewe mwanangu ulijua. Mbona hukumwambia mwenzio?"

"Na mimi hakuna aliyeniambia, mama."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo nililo nalo," Nane alisema, wala hakulisema kwa jeuri.

Soda ya mama ililetwa. Msimamizi alidondosha tone lake, kisha karani, kisha dereva, kisha mzee Rula, ambaye alipima kwa jicho asizidishe. Nane alidondosha. Ikabaki zamu ya binti.

"Mimi simo," binti alisema. "Mimi nakunywa soda."

"Lazima wote," alieleza karani. "Ukibakiza mmoja haishiki."

"Sitaki."

"Mwanangu," mama alisema, "dondosha."

Binti aliinua glasi yake kwa mkono ulio mzima. Yakaanguka matone mawili badala ya moja, na karani akasema haina shida. "Karibu mezani," walisema. Mama alionja kidogo, akaweka chini, akasema asante.

Ilikuwa kama kuhamisha kapu kutoka kichwa hiki kwenda kile. Binti aliinua kichwa, akapepesa macho, akaona feni, akaona barabara, akaona mama yake. Mama alishika ukingo wa meza. Kwanza ilipanda hasira isiyo yake, akamkemea mhudumu ambaye hakuwa amekosa kitu. Halafu alilia. Dereva alipoagiza ya pili, mama aliujua wimbo wote.

Saa nane na nusu walirudi kazini. Binti alimshika mama mkono mpaka kwenye kona, akamkalisha kwenye benchi la fundi viatu, akakimbia asichelewe. Mchana ule alikata kioo cha duka, urefu wa watu wawili, kwa mkato mmoja. Kilipasuka kwenye mstari kama biskuti. Watu wa karakana walipiga makofi.

Basi ikawa hivyo. Mama alijipanga, kama anavyojipanga mtu aliye na homa ya vipindi. Alhamisi usiku alikuwa anamaliza kazi za wateja zote. Ijumaa asubuhi alipika mapema, akazima jiko, akaficha mkasi na pasi kabatini, na saa saba kamili alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Wateja walizoea kuona kadi mlangoni imeandikwa Ijumaa mchana hakuna. Jirani alikuwa anakuja na mchele wake wa kuchambua, kukaa naye.

"Wameanza?" jirani alikuwa anauliza.

"Karani kaanza," mama anajibu, akijifuta macho.

"Leo mapema."

"Mwisho wa mwezi huu. Ana mahesabu yake yanamsumbua."

Aliwajua watu wale kuliko mabosi wao walivyowajua. Alijua siku aliyogombana msimamizi na mkewe. Alijua mzee Rula macho yamemfifia na anaficha, kwa sababu usingizi wake ulikuja na woga ndani. Baridi ya Nane ilikuwa inamshika kwenye vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia, ikamganda humo mpaka Jumamosi, na sindano zikawa zinamponyoka. Kushona kwake kulianza kupinda. Mteja mmoja alirudisha suruali, wa pili hakurudi kabisa. Lakini kila Ijumaa jioni binti aliingia mlangoni na vidole kumi, na mama alivihesabu vile vidole kwa macho kabla hajaitikia shikamoo.

Ulevi wa tone la binti haukuwa ukija. Binti alikuwa anaagiza soda, na soda hailevyi. Walipokuwa wakimwambia sasa umeshushiwa mzigo, kunywa kidogo na sisi, alikuwa anasema tumbo linamsumbua.

Mwezi wa tano mama aliuliza, "Hivi hawaajiri?"

Binti alikuwa anakunja aproni yake. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kulikuwa na wawili waliomba kazi. Msimamizi kawaambia nafasi hakuna."

"Mbona wewe husema kazi zimezidi?"

"Zimezidi. Ila anasema..." Binti aliweka aproni kwenye kochi. "Anasema tangu uje wewe, karakana haijavunja kioo cha Ijumaa hata kimoja. Mgeni ambaye hagusi vioo ni wa kumshika. Akiajiri mwingine, ulevi unarudi ndani ya karakana. Anasema huo ungekuwa uzembe kwa upande wake."

"Kasema hivyo?"

"Kwenye kikao. Karani kaandika. Wamekusifu, mama. Walisema nikuletee salamu."

Mama alizipokea salamu. Hakujua la kuzifanya, akaingia jikoni kuangalia maji.

Binti alipandishwa cheo, akawa wa pili kwa msimamizi, wa kukagua mikato. Cheo kilikuja na kiti chake mezani, sio kile cha pembeni tena. Mtu mwenye cheo kunywa soda mbele ya watu anaowaongoza lilikuwa jambo la kuwafanya wakatize mazungumzo kidogo kila soda inapoletwa. Dereva alianza kumwita Mama Mchungaji. Nane alikuwa haongei naye.

Ijumaa moja jirani alikuwa anachambua mchele, na mama amekaa ukutani, amepitisha hasira, amepitisha kilio, yuko katikati ya wimbo. Alinyamaza ghafla. Aliweka kiganja kifuani.

"Nini?" jirani aliuliza.

"Kuna wa sita."

Ulevi huo ulikuwa mwepesi, wa kucheka cheka, wenye aibu, unaingia na kutoka. Haukuwa na hasira wala baridi. Mama aliutambua kabla haujafika magotini, kwa kuwa mwenye nao alikuwa amemlea yeye kwa mkono wake, na kicheko kile kilikuwa cha umri wa miaka saba, mtoto akiwa amekula sukari na anadhani haijajulikana. Mama alicheka nacho. Hakuweza kujizuia, kilikuwa kinamchekesha kutoka ndani.

"Yamekuwa mengi leo," jirani alisema, akamwekea mto wa pili mgongoni, akaendelea na mchele.

Saa kumi na mbili kasoro binti aliingia. Alitembea amenyooka. Alikuwa ananukia bia, macho meupe safi, na mikono yake yote miwili ilikuwa mizima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Alikaa ukingoni mwa mkeka, akaanza kumfungua mama viatu. Alivua kimoja, akakishika.

"Wangesema najiona," alisema. "Nimekunywa moja tu, mama."

"Moja na nusu," mama alisema.

Binti alikiweka kiatu chini, sambamba na mwenzake, akaenda kumtafutia maji ya kunywa. Ijumaa iliyofuata zilikuwa tatu.